Mkataba Usioandikwa wa Daktari Kijana

Mwezi Machi 2012 Serikali ilitangaza rasmi mikoa mipya minne: Geita, Simiyu, Njombe na Katavi. Katavi ulimegwa kutoka Rukwa, na Mpanda, mji ambao wengi wetu tulio mbali tulikuwa tukiujua kwa jina tu kama mwisho wa tawi la reli, ukawa makao makuu ya mkoa. Mwezi huo huo madaktari waligoma kwa mara ya pili katika muda usiozidi miezi mitatu. Magazeti yaliziweka habari hizo mbili katika kurasa mbalimbali, na sisi wa redio tukazisoma kama habari zisizojuana.

Kwangu mimi zilikuwa habari moja. Mkoa mpya maana yake ni mkuu wa mkoa mpya, ofisi mpya na magari mapya, lakini vile vile ni hospitali ya mkoa, na hospitali si matofali. Wale ambao wangepelekwa Mpanda kuifanya hospitali ile istahili jina lake ndio hao hao waliokuwa wamevua makoti meupe kule Muhimbili. Na kiongozi aliyekuwa akizungumza nao kwa niaba ya Serikali, Waziri Mkuu Mizengo Pinda, ndiye aliyekuwa Mbunge wa Katavi, mzaliwa wa huko huko, "mtoto wa mkulima" kama alivyopenda kujiita. Mgomo ule ulimgusa mara mbili: kama msimamizi wa shughuli za Serikali, na kama mwakilishi wa watu ambao hata kabla ya mgomo daktari kwao alikuwa mtu wa kutafutwa.

Tumezoea kuueleza mgomo wa 2012 kuwa ni ugomvi wa mshahara. Mshahara ulikuwamo, tena ulitajwa kwa sauti kubwa. Lakini chini ya mshahara kulikuwa na kitu kingine cha zamani zaidi, nacho ni mkataba ambao haukupata kuandikwa mahali popote baina ya anayesomeshwa udaktari na anayemsomesha. Mkataba huo unasema: mimi nitakusomesha na kukutunza, wewe utakwenda nitakakokupeleka. Leo nataka tuutazame ulivyoanza, ulivyofanya kazi, na nani aliyekuwa wa kwanza kuutoka.

Twende Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni ndani ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Wabelgiji walijenga boma pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe wa Kadinali Lavigerie. Mwaka 1889 alifika hapo kijana Mwafrika aliyesomea udaktari Ulaya. Jina lake Adrian Atiman. Hakuwa Mbende wala Mfipa. Alizaliwa upande wa Mto Niger, karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa, hadi mapadre walipomkomboa kwa fedha huko Algeria. Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta pamoja na vijana wenzake Waafrika, wakasomea utabibu ili warudi barani kuwa waganga na makatekista kwa pamoja. Kadinali hakutaka wageuke Wazungu weusi. Alitaka Mwafrika amtibu Mwafrika.

Atiman alipofika Karema hakuondoka. Alioa hapo hapo, mwanawe akawa padre, naye akawatibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 katika kituo kimoja cha kazi! Nimepata kuwasimulia madaktari vijana wawili watatu habari hii. Mmoja alicheka, mwingine akaniuliza kama mzee yule aliwahi kupandishwa daraja.

Swali lile lilikuwa la mzaha lakini si la kijinga. Atiman hakuulizwa anataka kwenda wapi. Aliyemkomboa ndiye aliyemsomesha, na aliyemsomesha ndiye aliyempangia kituo. Hata hivyo misheni haikumtupa. Alikuwa na nyumba, alikuwa na dawa kadiri dawa zilivyopatikana zama zile, alikuwa na heshima, na alijua kwamba akizeeka atazikwa na watu waliomtuma. Pande zote mbili za mkataba zilitimizwa. Naomba tulikumbuke hilo tunapoendelea.

Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumtafutia Mpanda daktari. Ilikuwa na haraka ya madini. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilometa 210, ilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 reli ikabaki na abiria wake, asali yake na mahindi yake. Tiba ya vijijini iliachwa mikononi mwa wamisionari na madresa. Kijijini yeyote aliyeshika sindano aliitwa daktari, na jina hilo halijafutika mpaka leo. Ukiwa Mpimbwe au Inyonga ukaambiwa daktari amekuja, usiulize ana shahada gani, mshukuru Mungu amekuja.

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari Waafrika 12 na wahandisi 2. Kumi na wawili kwa nchi nzima! Hao walisomea Makerere na ng'ambo. Ndipo mwaka 1963 Chuo cha Udaktari kikaanzishwa Dar es Salaam, na mwaka 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Kuanzia hapo Serikali ikachukua nafasi ya Kadinali Lavigerie. Kijana alisomeshwa bure, alilishwa, alilazwa, akapewa na fedha ya mfukoni ambayo wanafunzi waliibatiza jina la bumu. Alipomaliza jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya Wizara: fulani Songea, fulani Musoma, fulani Mpanda. Walioandikiwa Mpanda walipewa pole na wenzao, wakapanda gari moshi.

Mtu asidhani kwamba vijana wa wakati ule walikuwa malaika. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara baada ya masomo. Wengine walibeba mabango ya kusema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu alikasirika, akawafukuza wanafunzi 393, na pale pale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanaokumbuka habari hii hukumbuka zaidi kufukuzwa. Mimi naona sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Kiongozi aliwaambia wasomi kwamba wana deni kwa wakulima waliowasomesha, na papo hapo akakubali kwamba yeye naye ana deni hilo hilo. Hapo mtu aweza kuchukia, lakini hawezi kusema ameonewa peke yake.

Mwaka 1977 mkataba ulikazwa zaidi. Sheria ya hospitali binafsi ya mwaka huo ilipiga marufuku tiba ya kutafuta faida. Ukiacha hospitali za misheni na mashirika, daktari Mtanzania alikuwa na mwajiri mmoja tu. Hakuwa na zahanati ya jioni ya kujipatia chochote, wala wa kukimbilia akichukizwa na kituo chake. Lakini Serikali nayo ilikuwa imejifunga: ukimzuilia mtu milango yote isipokuwa wa kwako, huwezi tena kuufunga wa kwako.

Je, mpango huo uliifaa Mpanda? Kwa kiasi. Wilaya ile ilikuwa kubwa kuliko baadhi ya nchi, na ilizidi kupata watu: wakimbizi wa Burundi walifunguliwa makazi ya Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, makumi ya maelfu ya roho. Daktari mwenye shahada alikuwa mmoja mmoja, anakuja, anahama. Mzigo wenyewe ulibebwa na waganga wasaidizi na matabibu, watu ambao hawakupita Chuo Kikuu bali walitoka kazini, wakasoma tena, wakarudi kazini. Sehemu kubwa ya upasuaji wa kina mama katika wilaya za pembezoni kwa miaka mingi ilifanywa na mikono yao. Wao hawakugoma wakaandikwa magazetini, na kwa sababu hiyo historia huwapita pembeni. Sitaki leo iwapite.

Sasa tufike mahali ambapo mambo yaligeuka. Mwaka 1991 tiba binafsi iliruhusiwa tena. Mwaka 1993, katika masharti ya kurekebisha uchumi yaliyotoka kwa wakubwa wa fedha duniani, Serikali ilisimamisha ajira mpya, na watumishi wa afya wakaingia humo humo. Mwaka huo huo wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Kabla ya hapo mhitimu wa udaktari au uuguzi alikuwa na uhakika wa kituo. Baada ya hapo akawa mtu mwenye cheti. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mlango ule kufunguliwa sawasawa, na katika miaka hiyo waliostaafu walistaafu, waliokufa walikufa, na UKIMWI haukusubiri.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mkataba ulipovunjwa, na hakuna aliyeuvunja kwa makusudi. Hapakuwa na mkutano wa hadhara uliotangaza kwamba tangu leo daktari hana uhakika wa kazi. Ilitoka barua ya hazina, basi. Lakini lugha haikubadilika. Viongozi waliendelea kusimama kwenye mahafali na kuwaambia vijana waende vijijini kwani Taifa limewasomesha. Nusu ya kwanza ya mkataba ilifutwa, nusu ya pili ikaendelea kudaiwa.

Kisha hata hilo la kusomesha likabadilika. Vyuo vya udaktari vilikuwa vimeanza kuongezeka tangu miaka ya tisini, vya binafsi na vya dini, na Muhimbili yenyewe ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Jambo jema kabisa, kwani nchi isingeendelea kutegemea chuo kimoja. Lakini mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ilianza kazi, na yule aliyekuwa akisomeshwa na Taifa akawa mkopaji. Tangu mwaka 2016 akipata ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kulipa deni hilo. Si vibaya kulipa deni. Mimi nilisomea stashahada yangu ya uandishi wa habari kwa fedha ya nyumbani, hakuna aliyeniahidi kazi, nami sijapata kumdai mtu. Ila mtu akinikopesha fedha hawezi tena kunipangia pa kuishi kama aliyenilea. Achague moja.

Katikati ya kusoma na kuajiriwa upo mwaka mmoja ambao wananchi wengi hawaujui, nao ndio uliowasha moto. Daktari akimaliza miaka mitano ya chuo hutumikia mwaka mzima hospitalini kwa mafunzo kwa vitendo. Si mwanafunzi, maana anatibu, anakesha, anatoa damu na kuandika vyeti vya vifo. Si mwajiriwa, maana hana barua ya ajira. Analipwa posho. Ukiingia hospitali kubwa usiku wa manane, mtu wa kwanza kukugusa huenda ni huyo. Posho yake ikichelewa hana akiba, hana mkopo wa benki, hana chama chenye nguvu. Ana wenzake tu.

Mwishoni mwa mwaka 2005 madaktari wa ngazi hiyo waligoma Muhimbili na wakaondolewa. Mmoja wa waliokuwamo alikuwa Steven Ulimboka. Mapema Januari 2012 ikatokea tena, kwa sababu ile ile ya posho kuchelewa. Wizara iliwahamisha kutoka Muhimbili kuwapeleka hospitali nyingine. Safari hii wakubwa wao waliungana nao, na Jumuiya ya Madaktari ikaundwa, mwenyekiti wake huyo huyo Dk. Ulimboka. Kwa hiyo lililoanza kama posho ya vijana likawa mgomo wa madaktari. Wauguzi wakabaki na wodi, na madaktari wa jeshi wakaletwa Muhimbili. Waziri Mkuu Pinda aliwapa muda wa kurudi kazini, hawakurudi. Tarehe 9 Februari alikwenda mwenyewe Muhimbili kukutana nao, akatangaza kuwasimamisha kazi Katibu Mkuu wa Wizara na Mganga Mkuu wa Serikali. Ukumbi ulishangilia. Machi waligoma tena wakitaka waziri na naibu wake waondoke, Rais Jakaya Kikwete akakutana nao, wakarudi kazini, na Mei baraza la mawaziri lilipopangwa upya waziri na naibu wake hawakuwamo.

Madai yao yaliandikwa, na nadhani yafaa kusomwa tena kwa utulivu. La mshahara ndilo linalokumbukwa: sh. milioni 3.5 kwa daktari anayeanza, wakati alikuwa akipata chini ya milioni moja. Rais katika hotuba yake ya mwishoni mwa Juni alisema Serikali haiwezi kulipa kiasi hicho, na asiyeridhika yu huru kutafuta pengine. Nami nasema wazi kwamba mwalimu wa Mpanda aliyesikia tarakimu ile redioni hakuwa na sababu ya kuwaonea huruma madaktari. Lakini katika orodha ile ile yalikuwamo mengine: posho ya kuitwa kazini usiku, nyumba, bima ya afya, vifaa vya hospitali, na nyongeza kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Hiyo ya mwisho ni Mpanda. Ni Karema, Mishamo, Inyonga. Walikuwa wanasema, kwa lugha ya karatasi za kiserikali, kwamba kama mnataka twende huko, kuweni upande wenu wa mkataba. Dai hilo halikuzungumzwa barazani wala baa, kwani milioni 3.5 ilikuwa tamu zaidi mdomoni.

Juni 2012 ulikuwa mwezi mbaya. Tarehe 23 mgomo ulianza tena, ingawa Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ilikuwa imeuzuia. Bungeni Dodoma, Waziri Mkuu alitamka maneno yaliyoingia katika msemo wa nchi: "liwalo na liwe." Usiku wa tarehe 26 Dk. Ulimboka alitekwa, na asubuhi yake akaokotwa katika msitu wa Mabwepande, nje ya Dar es Salaam, akiwa amepigwa na kung'olewa meno na kucha. Nakumbuka chumba chetu cha habari kilivyokuwa kimya asubuhi ile. Hata waliokuwa wakiwalaani madaktari jana yake hawakusema neno. Alipelekwa Afrika Kusini kwa matibabu, akarudi Agosti akiwa hai. Gazeti la MwanaHALISI, lililoandika juu ya waliohusika, lilifungiwa mwezi Julai. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kitendo kile.

Sisemi, na sijapata kusikia ushahidi, kwamba maneno ya Bungeni ndiyo yaliyozaa unyama wa msituni. Ninalosema ni kwamba mgomo uliishia kwa hofu, na jambo linaloishia kwa hofu halijajibiwa. Mamia ya madaktari wa mafunzo kwa vitendo walishitakiwa kwenye Baraza la Madaktari la Tanganyika, wakakaa miezi nyumbani bila kujua kama watamalizia mwaka wao. Wangapi kati ya hao walikuwa wapangiwe mikoa mipya sina haja ya kuhesabu. Hata angekuwa mmoja, Katavi ingemhitaji. Na kwa upande wa pili sitaki kuwasafisha waliogoma. Mama aliyefikishwa Muhimbili na uchungu wa siku mbili hakuwa mwajiri wao. Hakuwa amechelewesha posho ya mtu. Kuna waliorudishwa getini wakiwa wagonjwa, na ndugu zao hawatakuja kusoma historia hii kwa jicho la kumtetea daktari. Ni haki yao.

Miaka mitano baadaye yalitokea ya kuchekesha kama yasingekuwa ya kusikitisha. Madaktari wa Kenya walikuwa wamegoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba walioutia saini na serikali yao mwaka 2013. Serikali ya Kenya ikaja Dar es Salaam kuomba madaktari. Rais John Magufuli akakubali kuwapa 500. Mwananchi wa kawaida akauliza: mia tano wanatoka wapi, wakati Mpanda hakuna? Jibu lilikuwa rahisi. Walikuwa mitaani. Walikuwa wamesoma, wamemaliza mwaka wa vitendo, wamesajiliwa, na hawakuwa na kazi. Mahakama ya Kenya ilipouzuia mpango huo, Rais Magufuli akaagiza waombaji 258 waliokuwa tayari wameorodheshwa waajiriwe hapa hapa nyumbani mara moja. Ajira ambayo vijana wale waliingoja kwa miaka ilipatikana kwa siku chache, kwa sababu jirani alitaka kuwachukua.

Kenya yenyewe haijatulia. Kati ya Machi na Mei 2024 madaktari wake waligoma siku 56, na kiini kilikuwa wale wale wa mwaka wa vitendo: mkataba ulisema walipwe zaidi ya sh. 200,000 za Kenya kwa mwezi, serikali ikasema 70,000. Tofauti ni kwamba wenzetu wana karatasi ya kwenda nayo mahakamani. Wetu wana kumbukumbu ya jinsi kaka zao walivyotendewa zamani.

Na Katavi? Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 564,604. Sensa ya 2022 ilikuta 1,152,958. Katika miaka kumi mkoa umepata mtu wa pili kwa kila mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 uliuweka Katavi wa kwanza nchini kwa mimba za wasichana: kati ya wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamezaa au wana mimba. Msichana wa miaka 15 ambaye nyonga yake haijakomaa anahitaji mtu wa kumpasua, na anamhitaji usiku huu. Lami imefika kutoka Tabora, jengo la hospitali ya rufaa ya mkoa limesimama Mpanda, mambo ambayo mzee Atiman asingeyaota. Kilichobaki ni mikono.

Nilizungumza karibuni na kijana mmoja daktari, jina lake naliacha, aliyepata kupangiwa halmashauri moja ya mkoa wa mbali. Alishuka na begi lake na barua yake ya ajira. Fedha za kujikimu hazikuwapo. Nyumba haikuwapo. Mshahara ulisubiri cheki namba, na cheki namba ilisubiri mtu aliyekuwa semina. Mwezi wa kwanza alilishwa na muuguzi mkuu wa zamu, mama mtu mzima aliyempikia ugali kama mwanawe. Hakuondoka, lakini aliniambia wenzake wawili waliofika naye waliondoka kabla ya mshahara wa kwanza, na mmoja sasa anauza dawa Dar es Salaam. Waliondoka wakitukanwa kuwa hawana uzalendo.

Rafiki yake mwingine, ambaye nilizungumza naye siku hiyo hiyo, yeye hajapangiwa popote. Amefaulu mitihani ya Baraza, ana leseni, na anajitolea bila malipo katika hospitali ya mjini ili mkono usisahau kazi. Asubuhi anatibu, jioni anafundisha watoto wa watu masomo ya sayansi apate nauli. Deni la Bodi linamngoja. Kila nafasi za kazi zinapotangazwa hujaza fomu kwenye mtandao, na sehemu ya kuchagua mkoa huandika "popote". Nilimuuliza kama popote ni pamoja na Mpanda. Akaniambia mara mbili zilizopita aliiandika Mpanda yenyewe, ya kwanza kwenye orodha, akidhani haitakuwa na waombaji wengi.

Anangoja tangazo lijalo.